Mashine zipo, moldi ni moja: namna ya kupanga uzalishaji kifaa cha kushirikiana kinapokubana

Kipindi naanza kazi ya upangaji niliwahi kutoa ratiba ya wiki nzima safi kabisa, kila mashine imejaa asilimia 60 na kidogo, hakuna hata sehemu moja yenye rangi nyekundu, nikaiprinti nikaibandika ukutani kifua mbele. Jumanne asubuhi fundi wa moldi akaniita, mtu mzima ana miaka mingi kwenye hiyo kazi, akaniuliza, "Mwanangu, mashine namba 2 umeipangia moldi gani?" Nikamtajia. "Na namba 5 je?" Nikamtajia ileile. Akanyamaza ananiangalia. Mi bado sijashtuka, namwambia fundi mbona mashine zote mbili ziko wazi saa hizo, akanijibu, "Mashine ziko wazi sawa, hiyo moldi ya pili umeificha wapi?"

Programu haikunionya sababu ilikuwa inahesabu saa za mashine tu, moldi kwake ilikuwa kama haipo. Na hapo ndo wengi tunapoangukia, tunanunua mashine, tunaajiri shifti ya pili, halafu bado oda zinachelewa kwa sababu kile kifaa kinachozunguka kati ya mashine na mashine kiko kimoja na hakiwezi kuwa sehemu mbili saa ileile.

Nitatumia mfano wa moldi za plastiki (wengine mnaita kalibu, yaani lile chuma lenye umbo la bidhaa linalosukumiwa plastiki iliyoyeyuka) maana ndo nilikolelewa, ila ukiwa na dai za presi (vyuma vya kukatia na kukunjia bati), jigi za kuchomelea (vishikio vya vipande), geji ya kupimia au fremu ya kuunganishia vipande, hesabu ni hiihii.

Hatua ya 1: Shuka chini ukaandike kila kitu kinachogombaniwa

Usianzie kwenye kompyuta. Chukua karatasi, pita mashine hadi mashine, na kila opereta muulize swali moja tu: ukitaka kuanza kazi sasa hivi, ni kitu gani huwa unakisubiri kutoka kwa mwenzako? Majibu yatakushangaza. Utatajiwa moldi, sawa, hiyo ulitegemea, ila utasikia pia kreni ya kunyanyulia iko moja na saa 2 asubuhi kila mtu anaitaka, kontrola ya joto ya moldi ziko mbili wakati moldi zinazoihitaji ni tano, geji ya kukagua kipande cha kwanza imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo anaingia shifti ya mchana peke yake.

Halafu chora jedwali lenye mambo matatu: kifaa, bidhaa zinazokihitaji, na mashine kinazoweza kupanda. Hii ya mashine muhimu sana, kwa sababu moldi nzito haipandi kila mashine, kuna ishu ya nafasi kati ya nguzo, tani za kufungia (nguvu ya kuibana moldi isifunguke), na ujazo wa plastiki ambao mashine inaweza kusukuma kwa shoti moja, yaani msukumo mmoja. Unaweza kudhani una mashine 6 za kuchagua kumbe kwa hiyo moldi ni 2 tu.

Kifaa kinachohitajika na bidhaa moja tu kiache kwanza. Kinachohitajika na bidhaa mbili au zaidi kizungushie duara. Kwa kawaida maduara huwa machache, na katika hayo kuna moja au mawili ndo yanakunyima usingizi.

Hatua ya 2: Tafuta saa za kweli za hicho kifaa

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kwenye uongo mwingi.

Chukua moldi moja, tuiite M7. Ina kaviti 4, yaani kila ikifunga na kufunguka inatoa vipande 4. Mzunguko mmoja ni sekunde 36, kwa hiyo saa moja ina mizunguko 100, sawa na vipande 400. Kiwanda kinakimbia saa 16 kwa siku, siku 6, jumla saa 96 kwa wiki. Mtu wa ofisini anazidisha: 96 mara 400, anapata vipande 38,400, anafurahi, anaenda kumwambia mtu wa mauzo.

Sasa shuka chini. Kaviti moja imezibwa tangu zamani, iliharibika ikatoa vipande vyenye kasoro, fundi akaiziba ili kazi iendelee, na kila mtu akaizoea. Zimebaki 3, vipande 300 kwa saa. Vibovu asilimia 4, vizuri vinabaki 288. Moldi inasafishwa na kupakwa grisi saa 4 kila wiki, na ukiangalia daftari la matengenezo inaharibika wastani wa saa 5 kwa wiki, basi 96 toa 9, zinabaki saa 87. Inabeba bidhaa tatu, A, B na C, kwa kubadilisha insati (ile sehemu ya ndani inayotoa umbo), na kila kubadili ni saa 3. Ukizungusha zote tatu mara moja kwa wiki, hizo ni saa 9 nyingine. Zinabaki saa 78 za kutoa mali.

Saa 78 mara 288 ni vipande 22,464. Ofisini walisema 38,400. Tofauti hiyo ni zaidi ya asilimia 41, na hakuna mtu aliyeiba kitu, ni kwamba tu hakuna aliyehesabu.

Angalizo kwenye kupima muda wa kubadili. Fundi ukimuuliza atakwambia "nusu saa tu bosi", na hadanganyi, anahesabu muda aliokuwa ameshika spana. Wewe unatakiwa uhesabu kuanzia kipande kizuri cha mwisho cha bidhaa ya zamani mpaka kipande kizuri cha kwanza cha bidhaa mpya kilichokubaliwa na mkaguzi. Kusubiri kreni kumo humo, kutafuta boliti kumo humo, mkaguzi aliyekwenda kula kumo humo. Pima mara 5 au 6 kwa shifti tofauti, kwa M7 mgawanyo ulikuwa hivi: kushusha dakika 35, kubadili insati mezani 40, kupandisha na kufunga 40, kuunganisha maji na kusubiri joto 35, shoti za mwanzo mpaka kukubaliwa 30. Jumla 180. Zihifadhi hizi namba, tutazirudia.

Hatua ya 3: Oda zote zigeuze ziwe saa za moldi

Usipange kwa vipande, panga kwa saa. Tuseme wiki hii A ni 10,000, B ni 6,000, C ni 4,500, jumla 20,500. Gawa kwa 288, unapata saa 71.2 za kukimbia. Ongeza saa 9 za kubadili, ni 80.2. Gawa kwa saa 87 ulizonazo, ni asilimia 92.

Mtu ataona asilimia 92 akasema safi, tumeitumia vizuri. Mi hapo naanza kutoka jasho. Kwenye hesabu rahisi za foleni, kifaa kimoja kinachofanya kazi asilimia 80 huwa na wastani wa kazi 4 zilizoko kwenye foleni na mkononi, kikifika 90 zinakuwa 9, kikifika 95 zinakuwa 19. Yaani kile kipande kidogo cha mwisho unachokijaza kinakugharimu zaidi kuliko vyote vya mwanzo. Ni kama daladala, ikiwa na nafasi mbili tatu watu wanapanda na kushuka fasta, ikijaa mpaka mlangoni mtu mmoja akitaka kushuka lazima wanne washuke kwanza.

Kwa kifaa cha kushirikiana lengo langu huwa asilimia 85, kuhesabu na muda wa kubadili. Kinachozidi hapo nakichukulia ni deni.

Hatua ya 4: Ratiba iandike kwa jina la moldi

Hili ndo badiliko kubwa kuliko yote na halina gharama. Ubao wa kawaida una mistari ya mashine, mashine 1, mashine 2, mashine 3, na kazi zimepangwa humo. Wewe anza na mstari wa M7. Jumatatu saa 1 asubuhi iko mashine 2 inafanya A mpaka saa fulani, saa 3 zinazofuata inabadilishwa, halafu iko mashine 5 inafanya B. Ukishamaliza mistari ya vifaa vyote vyenye duara, hapo sasa ndo unajaza mashine, na bidhaa zenye moldi zao wenyewe unaziweka kwenye mapengo. Ukifanya hivyo yale maajabu yangu ya Jumanne hayawezi kutokea, maana mstari mmoja hauwezi kuwa na kazi mbili saa ileile, jicho litaona hata kama programu ni kipofu.

Kama programu yako inaruhusu kuweka rasilimali ya pili kwenye kila kazi, iwekee moldi. Nyingi zinaruhusu, ila watu hawajazi. Kama hairuhusu, jedwali la Excel na kadi moja ya plastiki ya rangi iliyoandikwa M7 inatosha: hakuna kadi kwenye mashine, hakuna kazi. Kadi ni moja kama moldi ilivyo moja.

Mpangilio wa bidhaa nao una akili yake. Rangi anza na nyepesi malizia na nzito, kutoka nyeupe kwenda bluu kwenda nyeusi, sababu kusafisha nyeusi ili urudi nyeupe unaweza kupoteza nusu ya asubuhi na mfuko mzima wa plastiki. Insati zinazofanana ziweke jirani. Na kama kuna bidhaa mbili zinatumia plastiki ileile, zifuatane.

Hatua ya 5: Usikate mafungu madogo kabla hujaona una nafasi kiasi gani

Mauzo watakuomba "tupe kidogokidogo kila siku". Ombi zuri, ila angalia hesabu. Saa 87, kukimbia 71.2, zilizobaki 15.8. Mzunguko mmoja wa kupitia A, B na C ni saa 9. Gawa 15.8 kwa 9, unapata 1.76. Maana yake hata ukitumia kila dakika, huwezi kuzungusha bidhaa zote mara mbili kwa wiki, haipo.

Na ukitaka kubaki kwenye ile asilimia 85? Asilimia 85 ya 87 ni kama saa 74, toa 71.2, zinabaki saa 2.75 za kubadili kwa wiki nzima, hazitoshi hata mabadiliko ya bidhaa moja. Ungelazimika kufanya kila bidhaa mara moja kila wiki 3 na siku kadhaa, stoo ijae A mpaka mlangoni huku mteja wa C analia. Ukifika hapa jua kwamba ratiba haiwezi kukuokoa tena, hata aliyeipanga awe bingwa kiasi gani. Inabidi uongeze saa au upunguze mahitaji ya saa.

Hatua ya 6: Toa saa kwenye moldi uliyonayo kabla ya kununua nyingine

Anza na kile kilichozoeleka. Ile kaviti iliyozibwa. Ikirudi, ni vipande 400 kwa saa, toa asilimia 4, ni 384. Oda 20,500 gawa kwa 384 ni saa 53.4 badala ya 71.2. Umeokoa saa 17.8 kila wiki. Kuitengeneza kunaitoa moldi kazini siku 2, saa 32, na ndo maana kila wiki mkuu wa uzalishaji anasema "sio wiki hii, tuna oda". Lakini 32 gawa kwa 17.8 ni 1.8, yaani ndani ya wiki 2 muda umesharudi, na baada ya hapo unakula bure. Mzigo unashuka kutoka asilimia 92 mpaka 72. Kwenye hesabu ya asilimia 85 sasa una kama saa 20 za kubadili, unaweza kuzungusha bidhaa zote mara mbili kwa wiki na mauzo wakapata kidogokidogo yao. Kaviti moja imefanya yote hayo. Mi sijui kwa nini tunakuwa wepesi kuomba mashine mpya na wazito kuomba siku 2 za fundi, labda mashine mpya inapigwa picha na kaviti haipigwi.

Namna ya kuzipata hizo siku 2: wiki moja au mbili kabla, tumia Jumapili au shifti ya ziada kujenga akiba ya siku 2 za A, B na C, halafu itoe moldi bila kumuumiza mteja.

Ya pili ni kupunguza muda wa kubadili. Wengi mmesikia habari za Shigeo Shingo, mhandisi wa Kijapani, mwaka 1969 Toyota walikuwa na presi ya tani 1,000 inayochukua saa 4 kubadili, wakaishusha mpaka dakika 90, wakubwa wakasema ishuke mpaka dakika 3, ikashuka. Siri yake ilikuwa kutenganisha kazi zinazolazimu mashine isimame na kazi zinazoweza kufanyika mashine ikiendelea kukimbia, halafu unahamisha nyingi ziende kundi la pili.

Ila hapa kuna mtego na sijaona watu wengi wakiusema. Mbinu ile iliangaliwa kwa macho ya mashine. Wewe tatizo lako ni moldi, kwa hiyo saa unayotakiwa kuiangalia ni saa ya moldi. Mfano kubadili insati mezani, kwa mashine hiyo ni kazi ya nje maana mashine inaweza kupewa moldi nyingine ikaendelea, unaweza kujisifu umeokoa dakika 40, kumbe kwa M7 zile dakika 40 zimepotea vilevile, haipo kazini. Kuipasha moldi joto mezani kabla ya kuipandisha, hivyohivyo, mashine imepona ila moldi haijapona. Kwa hiyo jiulize tofauti kidogo: ni kazi gani inaweza kufanyika bila moldi kuwepo?

Ziko nyingi. Insati za B zipangwe kabisa kwenye sahani yake ya ziada, ikifika moldi unachomoa sahani moja unachomeka nyingine, dakika 40 zikawa 15. Plastiki ya B ikaushwe mapema, polikaboneti kwa mfano inataka saa kadhaa kwenye nyuzi karibu 120, ukisahau kuwasha kikaushio mapema moldi itakaa inaiangalia plastiki. Mashine 5 isafishwe pipa lake (bomba la kuyeyushia plastiki) na kujazwa plastiki ya B kabla moldi haijafika. Mabomba ya maji yawe na viungio vya kubana haraka na yapakwe rangi ili fundi asikisie lipi linaingia wapi. Vibano vyote viwe vya kimo kimoja. Mkaguzi apigiwe simu dakika 20 kabla. Kwa M7 hayo yalishusha 180 mpaka 120: kushusha 35, insati 15, kufunga 25, maji na joto 25, shoti za mwanzo 20. Saa 9 kwa wiki zikawa 6.

Kanuni ya sakafuni ni hii, iandike hata ukutani: mashine isubiri moldi, moldi isisubiri mashine. Mashine 5 ikikaa tupu nusu saa inasubiri M7, meneja akipita atakunja uso, mwambie bosi hiyo ni makusudi. Atazoea.

Usiguse kingine kabla ya haya mawili. Kupunguza vipande vibovu kunalipa pia, kupunguza sekunde za kupoa kunalipa, ila kwa kawaida kaviti zilizozibwa na kubadili ndo kuna saa nyingi zimelala.

Hatua ya 7: Hesabu shoti na uweke akiba ya kuharibika

Kifaa kinachoshirikiwa kinachakaa haraka kuliko vingine, maana kinabeba mizigo ya watu watatu. M7 kwa saa 71.2 kwa wiki ni mizunguko 7,120. Sasa angalia daraja lake. Kwenye madaraja ya SPI, chama cha sekta ya plastiki cha Marekani, moldi ya 101 inategemewa kufika mizunguko milioni 1 au zaidi, ya 103 ni chini ya laki 5, ya 104 chini ya laki 1. Kama mlitengenezewa ya 104 sababu ilikuwa rahisi, kwa mwendo huo laki 1 inaisha baada ya wiki 14. Hili watu hulijua siku moldi inapoanza kutoa vipande vyenye ndevu pembeni.

Matengenezo yapange kwa shoti, kalenda haijui moldi imefanya kazi kiasi gani. Na yaingie kwenye mstari wa M7 ubaoni kama kazi nyingine yoyote, yakiwa "tutafanya tukipata nafasi" hayatafanyika. Vipuri vidogo viwe stoo tayari: pini za kutolea kipande, springi, hita, waya wa kupima joto, oringi. Moldi kusimama siku 3 kwa kukosa pini moja ni aibu ya mpangaji, fundi hahusiki.

Halafu akiba ya bidhaa. Jiulize ikivunjika kitu cha kawaida inakaa nje siku ngapi. Kama ni 3, na mahitaji ni 20,500 kwa siku 6 yaani kama 3,400 kwa siku, unahitaji vipande kama 10,250 vilivyogawanywa kwa A, B na C kulingana na mwendo wa kila moja. Hiyo akiba iandikiwe "ya M7", na mtu wa mauzo asiiuze eti kwa sababu imekaa.

Hatua ya 8: Saa zikipungukia nani apewe moldi?

Hapa ndo ugomvi ulipo, na usipoweka sheria mapema atashinda mwenye sauti kubwa kwenye simu. Angalia faida kwa saa ya moldi, faida ya kipande kimoja inadanganya. Tuseme A inakupa faida ya 10 kwa kipande na inatoka 288 kwa saa, hiyo ni 2,880 kwa saa. Inakuja bidhaa mpya D, faida 14, kila mtu anaipenda, lakini ukuta wake ni mnene. Muda wa kupoa unapanda kama mraba wa unene, ukuta ukiwa mara 2 kupoa kunakuwa kama mara 4, kwa hiyo hata unene usipofika mara 2 mzunguko unaweza kutoka sekunde 36 mpaka 65. Inatoka kama 160 kwa saa, mara 14 ni 2,240. D yenye faida kubwa inakula moldi na kukurudishia kidogo. Unaweza ukaamua kuifanya bado, mteja mkubwa ni mteja mkubwa, ila ufanye ukijua unalipia nini.

Na moldi kama ni mali ya mteja, soma mkataba kabla hujaifanyisha kazi ya mwingine hata kama insati ni zako. Kama inashirikiwa na kiwanda kingine, muda wa barabarani na kuifungua na kuifunga ni saa za moldi pia, ziandike kwenye mstari wake.

Hatua ya 9: Kuongeza moldi, na kwa mpangilio gani

Ukishafanya yote hayo na bado uko juu ya 85 wiki baada ya wiki, sasa nunua. Lakini sio lazima moldi nzima. Angalia kwanza kama sahani ya ziada ya insati inatosha. Halafu angalia kama bidhaa moja inaweza kuhama kabisa, kwa M7 ungeihamisha A ikapata moldi yake ndogo ya kaviti 2, maana A peke yake inakula karibu nusu ya saa zote, na ikiondoka hata kubadili kunapungua. Nakala kamili ya M7 nzima naiweka mwisho.

Usisahau kwamba moldi ikitoka kwa mtengenezaji haijawa tayari, kuna shoti za majaribio, marekebisho, vipimo, kuirudisha, majaribio tena, na wakati huo wote inachukua mashine na mkaguzi. Kwenye ratiba ihesabu kuwa haipo mpaka itoe fungu zima lililokubaliwa. Nimeona oda zikiahidiwa kwa moldi iliyokuwa bado kwenye boksi.

Kila Ijumaa mchana mi nafanya kikao cha dakika 20 tukiwa tumesimama mbele ya ubao, mauzo, fundi wa moldi, mkaguzi na msimamizi wa shifti. Namba zinazoandikwa ni nne tu kwa kila kifaa chenye duara: saa zilizopangwa, saa zilizokimbia kweli, kaviti zinazofanya kazi, na shoti tangu matengenezo ya mwisho. Mauzo wanataja oda mpya, tunazigeuza kuwa saa palepale, kama hazitoshi tarehe inasogea wakiwepo na wanaiona inavyosogea. Yule fundi wangu huwa anakuja wa kwanza, anasoma mstari wa M7 kimya kimya kutoka kushoto kwenda kulia kwa kidole, akimaliza bila kuguna najua Jumatatu nitalala.